Kuolewa au Kuozwa? Ndoa ya Yasmin katika Filamu ya Vuta N'Kuvute na Mjadala wa Umri wa Ndoa Mkoani Katavi

Ikisiri

Ndoa ya binti mwenye umri mdogo ni suala linaloigawa jamii ya Tanzania mahakamani, katika nyumba za ibada na katika vikao vya ukoo. Makala hii inachunguza namna filamu ya Vuta N'Kuvute (2021), iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inavyolishughulikia suala hilo. Ushughulikiaji huo unapimwa kwa hali ya Mkoa wa Katavi, ambako suala hili bado ni zito. Hoja kuu ni kwamba filamu inalihamisha swali la kimaadili kutoka kwenye umri kwenda kwenye utendaji: badala ya kuuliza binti ana miaka mingapi, inauliza ni nani aliyeamua. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kutumia mnyambuliko wa kitenzi -oa. Makala inaonesha kwamba nguvu ya filamu imo katika kumrudishia binti nafasi ya mtenda. Upungufu wake kwa hadhira ya Katavi ni kuwa hoja ya mzazi haikupewa nafasi ya kutosha, na kisa kinaanzia mahali ambapo visa vingi vya mkoa huo haviwezi kuanzia.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Ni mkoa wa Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, lakini pia ni mkoa wa wahamiaji. Humo wamo wafugaji na wakulima wa Kisukuma walioshuka na mifugo yao kutoka kaskazini, na zimo familia zenye asili ya Burundi zilizoanza kuishi Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970. Katika mchanganyiko huo Kiswahili ndicho kinachokutanisha watu sokoni, shuleni, zahanati na katika baraza la kata. Mjadala wowote wa kimaadili unaovuka mipaka ya ukoo mmoja hauna budi kufanyika kwa Kiswahili.

Mmojawapo ni mjadala wa ndoa na ujauzito wa mabinti. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwishazaa au walikuwa wajawazito. Kiwango hicho kilikuwa cha juu kuliko cha mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha nafuu: Katavi asilimia 34, taifa asilimia 22. Nafuu hiyo bado inaiacha Katavi juu ya wastani kwa tofauti kubwa. Takwimu hizo zinahesabu ujauzito na uzazi, hazihesabu ndoa. Hata hivyo mambo hayo mawili huandamana. Mzazi huharakisha ndoa kwa kuhofia mimba, na mimba ikitangulia, ndoa huletwa kama suluhu.

Sanaa ya Kiswahili imelishughulikia suala hili kwa njia mbalimbali. Ipo njia ya wazi ya kuelimisha, ambayo tamthilia za televisheni kama Siri ya Mtungi, iliyoanza kuoneshwa mwaka 2012, zimeitumia kwa masuala ya uzazi wa mpango na VVU. Katika njia hii ujumbe hutangulia na kisa hufuata. Ipo pia njia ambayo kisa hutangulia, na hadhira huachiwa kazi ya kupima. Filamu ya Vuta N'Kuvute imefuata njia ya pili, na ndiyo sababu inafaa kuchunguzwa.

2.0 Riwaya, Filamu na Wasomaji Wake

Riwaya ya Vuta N'Kuvute ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Mandhari yake ni Zanzibar ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi mwenye umri wa miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyekwishapita umri wa miaka hamsini. Anapoikimbia ndoa hiyo, ndugu zake wanamfungia mlango, na hifadhi anaipata Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma. Huko anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru, na mapenzi yao yanavunja mipaka ya rangi, dini na tabaka kwa wakati mmoja.

Filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliichagua kuiwakilisha katika mashindano ya tuzo za Oscar. Nafasi ya Yasmin imechezwa na Ikhlas Gafur Vora, ya Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, na ya Mwajuma na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu hata nje ya filamu.

Jambo moja linaiunganisha kazi hii na Mpanda moja kwa moja. Kwa miaka mingi riwaya ya Vuta N'Kuvute imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili vya kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania. Mwanafunzi wa Mpanda anayesoma Kiswahili katika ngazi hiyo amekutana na Yasmin, na pengine ameandika insha juu yake. Lakini kidato cha tano hufikiwa na msichana aliyevuka umri wa miaka kumi na mitano bila ndoa wala ujauzito kumtoa shuleni. Kwa hiyo kisa cha binti aliyeozwa akiwa na miaka kumi na mitano kinasomwa zaidi na mabinti waliolikwepa jambo hilo. Yule aliyefikwa nalo akiwa kidato cha pili hakukifikia kitabu. Filamu haidai cheti cha kidato cha nne. Inaweza kutazamwa katika onesho la wazi, katika kibanda cha video au kwenye simu ya mkononi, na mtu asiyesoma riwaya wala asiyekijua vyema Kiswahili cha Unguja akaufuata mkasa kwa macho. Swali la namna filamu inavyolishughulikia suala hili linagusa basi zaidi ya ulinganifu wa riwaya na filamu, kwa kuwa linahusu pia ni nani anayefikiwa na kisa.

3.0 Sarufi ya Ndoa: Kitenzi -oa na Minyambuliko Yake

Kabla ya kuitazama filamu, inafaa kulitazama suala lenyewe kama lugha inavyolibeba. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha ndoa kinachowatendea sawa mume, mke na wazazi. Kina shina -oa na minyambuliko yake, na kila mnyambuliko unamweka mtu mwingine katika nafasi ya kiima:

(1) a. Mzee amemwoa binti.
b. Binti ameolewa na mzee.
c. Baba amemwoza binti kwa mzee.
d. Binti ameozwa kwa mzee.
e. Wawili hao wameoana.

Katika (1a) mtenda ni mwanamume. Katika (1b), kauli ya kutendwa, binti ni kiima lakini si mtenda. Sentensi ya (1c) inaingiza mshiriki wa tatu, yaani mzazi, kwa kauli ya kutendesha, na mtenda sasa ni yeye. Katika (1d) mzazi anaweza kufichika kabisa, lakini umbo la kitenzi linaendelea kumkumbusha msikilizaji kwamba yupo mtu aliyeoza. Ni (1e) peke yake, kauli ya kutendana, inayowafanya wawili hao kuwa watenda kwa pamoja.

Kwa umbo, kuolewa na kuozwa zote ni kauli za kutendwa. Kwa matumizi, hata hivyo, zimeachana. Tofauti hiyo inajitokeza vitenzi hivyo vinapofuata kitenzi cha hiari:

(2) a. Nataka kuolewa.
b. ?Nataka kuozwa.
c. Amekataa kuolewa.
d. Amekataa kuozwa.

Sentensi (2a) ni ya kawaida. Msemaji anaeleza nia yake, na umbo la kutendwa halimzuii kuwa na nia hiyo. Sentensi (2b) inalisumbua sikio, kwa sababu inamtaka mtu atake jambo ambalo kwa maana yake huamuliwa na mwingine. Aidha (2c) na (2d) hazina maana moja. Aliyekataa kuolewa huenda anakataa ndoa kwa jumla au mchumba fulani. Aliyekataa kuozwa anakataa mamlaka ya anayemwoza. Kwa ufupi, kuolewa kumekwisha kuwa kitenzi kinachoweza kubeba hiari ya mwanamke, ilhali kuozwa hakuibebi.

Hali hii si ya Kiswahili pekee. Katika Kisukuma, ambacho wazungumzaji wake ni wengi katika Katavi ya leo, mwanamume hutola na mwanamke hutolwa. Mzungumzaji wa Kisukuma anapoingia katika Kiswahili anakuta mpangilio anaoufahamu.

Tofauti hiyo ya vitenzi imo pia katika sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, iliweka katika kifungu cha 13 umri wa chini wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na ikaipa mahakama uwezo wa kuruhusu hata miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 16 kinadai ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Kifungu cha 17 kinadai ridhaa ya baba, au ya mama au mlezi pale baba asipokuwepo, kwa binti aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 16 kwa hiyo kinazungumzia kuolewa, na kifungu cha 17 kinazungumzia kuozwa. Kwa binti wa miaka kumi na mitano, vyote viwili vilipaswa kutimia. Ridhaa ya baba ni rahisi kuthibitisha kwa sababu baba huitamka mbele ya watu. Ridhaa ya binti hukisiwa kutokana na kimya chake.

Shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi liliifanya Mahakama Kuu, mwaka 2016, kuamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi wa awali. Mjadala uliozunguka shauri hilo kwa sehemu kubwa ulihusu nambari: kumi na tano au kumi na nane. Upande mmoja ulisisitiza usawa mbele ya sheria, afya na elimu. Upande wa pili ulikumbusha kwamba sheria ya 1971 ilikuwa maafikiano kati ya mila na dini mbalimbali, na kwamba katika baadhi ya mila na dini hizo ukomavu haupimwi kwa kalenda.

Hapa kisa cha Yasmin kinatoa mwanga usiotarajiwa. Yasmin wa riwaya ana miaka kumi na mitano kamili. Sheria ya 1971 haihusu Zanzibar, na kisa chake kinatangulia sheria hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja. Lakini msomaji wa Mpanda akiuhamishia mkasa huo nyumbani kwao, baada ya 1971, anagundua kwamba kwa kipimo cha umri ndoa hiyo isingekuwa na kasoro. Kasoro ingekuwa katika kifungu cha 16 peke yake, kile kinachouliza kama binti mwenyewe aliridhia.

4.0 Filamu Inavyolihamisha Swali

Filamu ya Shivji haiuendei mjadala wa nambari. Mabadiliko makubwa inayoyafanya katika kisa ni ya mpangilio. Katika riwaya Yasmin anaishi kwanza katika ndoa, anaikimbia, kisha kwa kupitia maisha ya Ng'ambo anamfahamu Denge. Katika filamu Denge na Yasmin wanakutana usiku, wakati binti huyo yumo njiani kupelekwa kuolewa. Mkasa wa ndoa na mkasa wa mapenzi, ambao riwaya iliutenganisha kwa muda mrefu wa usimulizi, umekutanishwa mahali pamoja.

Mabadiliko hayo yana matokeo ya kimaadili. Katika mpangilio wa riwaya, swali linalomkabili msomaji ni kama mke anayo haki ya kuivunja ndoa iliyokwisha kufungwa. Ni swali zito, na hadhira yenye kuheshimu ndoa inaweza kumlaumu Yasmin hata kama inamhurumia. Katika mpangilio wa filamu, mtazamaji amekwisha kumwona binti kama mtu anayetazama, anayetazamwa na anayeweza kuchagua kabla hajawa mke wa mtu. Ndoa inapofungwa, mtazamaji anajua kilichopotea. Lawama ya kuvunja ndoa inapungua nguvu kwa kuwa filamu imekwisha kuonesha kwamba mmoja wa waliotakiwa kuijenga hakuulizwa.

Kwa lugha ya sehemu ya tatu, filamu inamwonesha Yasmin akiwa katika (1d), na sehemu kubwa ya muda wake inaitumia kumtoa humo. Njia yake si hotuba. Siasa za Denge zina maneno mengi: vipeperushi, mikutano ya siri, ukoloni na uhuru. Ukombozi wa Yasmin umebebwa zaidi na mwendo. Anatoka Mji Mkongwe na kuvuka kwenda Ng'ambo, anaingia nyumbani kwa Mwajuma, anaingia katika muziki na hatimaye katika harakati. Kila hatua inampa kitenzi ambacho yeye ndiye mtenda wake, kwani amekimbia, amevuka, amependa, amekubali kubeba hatari. Vitenzi vyote hivyo ni vya kauli ya kutenda. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba binti amebadilika.

Mwajuma ana nafasi ya pekee katika uhamisho huo. Ni mwanamke asiye na mali wala ukoo mkubwa wa kumlinda, lakini ndiye anayempa Yasmin kitu ambacho jamaa zake wamemnyima, yaani mlango wa kuingilia. Kwa kumpa nafasi hiyo mwimbaji wa taarabu, filamu inajibu hoja moja ya upande wa mila bila kuitaja. Hoja hiyo husema kwamba nje ya ulinzi wa baba na mume binti hana heshima. Nyumba ya Mwajuma ina ukata, lakini ndani yake mna heshima ya aina nyingine.

Inafaa pia kutambua kwamba filamu inaliunganisha suala la ndoa na suala la utawala. Mkoloni anaamua kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza, na ukoo unaamua kwa niaba ya binti ambaye haukumuuliza. Ulinganisho huo haukutamkwa, lakini ndio unaozifanya simulizi mbili za filamu kuwa moja. Mtazamaji anayekubali kwamba Waingereza hawakuwa na haki ya kuwaamulia Wazanzibari atapata taabu kutetea haki ya mtu kumwamulia Yasmin.

5.0 Mipaka ya Filamu kwa Hadhira ya Katavi

Nguvu hiyo ina mipaka yake, na Katavi inaidhihirisha vizuri.

Mpaka wa kwanza ni umbali wa mhusika anayelaumiwa. Bwana Raza ni mfanyabiashara wa mjini, wa jamii ndogo na wa zama za ukoloni. Mtazamaji wa Mlele au Mpimbwe anaweza kumhukumu bila kujihukumu. Mwoaji anayemfahamu yeye huenda ni kijana mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, mwenye jembe na ng'ombe wachache, anayesalimia vizuri. Filamu inapolihamisha swali kutoka kwenye umri kwenda kwenye hiari, kwa hakika inamgusa hata kijana huyo. Lakini pengo la umri kati ya Raza na Yasmin ni kubwa mno hata linaweza kulifunika swali hilo. Mtazamaji akatoka na fundisho kwamba tatizo ni wazee, kumbe tatizo ni kuozwa.

Mpaka wa pili ni ukimya wa wazazi. Filamu inawafuata Yasmin na Denge, na upande wa jamaa hauna muda wa kujieleza kwa kina. Katika Katavi mzazi anayemwoza binti yake mara nyingi ana hoja, na hoja hiyo haiondoki kwa kutosikilizwa. Shule ya sekondari iko mbali, na msichana anayepanga chumba karibu na shule yuko mbali na macho ya nyumbani. Mahari ya binti mmoja huweza kuwa ndiyo ng'ombe za kumwolea kaka yake. Mimba nje ya ndoa ni aibu kwa ukoo mzima. Baba wa namna hiyo anaamini kwamba kumwoza mtoto ni kumlinda. Kazi ya sanaa inayotaka kumbadilisha inapaswa kwanza kuisema hoja yake vizuri kuliko anavyoisema mwenyewe, kisha kuijibu. Filamu hii haikujipa kazi hiyo.

Mpaka wa tatu ni mahali kisa kinapoanzia. Mkasa wa Yasmin unaanzia kwenye ndoa. Visa vingi vya Katavi vinaanzia kwenye ujauzito, na hapo sarufi inafanya kazi yake tena. Ikisemwa msichana amepata mimba, kiima ni yeye na mwanamume hayumo katika sentensi. Ikisemwa amepewa mimba, umbo la kitenzi linamdai msikilizaji aulize aliyempa. Ikisemwa fulani amemtia mimba, mtenda amejulikana. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalifuata sarufi ya tatu, kwa kuwa yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka thelathini kwa anayempa mimba mwanafunzi. Utaratibu wa shule ulifuata sarufi ya kwanza: msichana aliyepata mimba aliondolewa, na hakuwa na nafasi ya kurejea katika mfumo rasmi, mpaka Serikali ilipotangaza tarehe 24 Novemba 2021 kwamba anaweza kurudi. Tangazo hilo lilitolewa mwaka uleule filamu ilipotoka. Liliwagawa watu kama shauri la umri wa ndoa lilivyowagawa, kwani wapo walioona kuwa haki imerejeshwa na wapo waliohofia kwamba maadili yamelegezwa.

Mpaka wa nne ni Ng'ambo yenyewe. Yasmin anakimbia kwa sababu pana mahali pa kukimbilia, na mahali hapo hufikika kwa miguu. Binti wa kijiji kilicho mbali na Mpanda akitoroka anaikuta njia ndefu, na mara nyingi mwisho wa njia hiyo ni kwa ndugu yuleyule wa ukoo atakayemrudisha. Filamu inaonesha thamani ya mlango wa Mwajuma. Haioneshi binti afanye nini pale ambapo mlango huo haupo.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba filamu ya Vuta N'Kuvute inalishughulikia suala la kimaadili lenye kuwagawa watu kwa kubadilisha swali linaloulizwa. Mjadala wa sheria uliuliza miaka mingapi. Filamu inauliza nani aliyeamua, na inaliuliza kwa mpangilio wa matukio zaidi kuliko kwa maneno ya wahusika. Uchambuzi wa kitenzi -oa umesaidia kueleza kwa nini mbinu hiyo inamfikia mzungumzaji wa Kiswahili, kwani lugha yake imekwisha kumfundisha kutofautisha kuolewa na kuozwa, hata kama sheria na desturi zimezoea kuvichanganya.

Tofauti hiyo ina manufaa nje ya uhakiki. Mwalimu wa Mpanda anayefundisha riwaya hii, au anayeendesha onesho la filamu kwa wazazi, hana haja ya kuanza na nambari, kwa sababu nambari huwagawa watu kabla hawajasikilizana. Anaweza kuanza na kitenzi: Yasmin aliolewa au aliozwa? Ni swali ambalo bibi wa Kipimbwe na mfugaji wa Kisukuma wanaweza kulijibu bila kusoma sheria, na atakayelijibu amekwisha kukiri kwamba kuna tofauti. Hata sheria ikiweka miaka kumi na minane kwa wote, swali hilo halitakwisha, kwa sababu binti wa miaka kumi na tisa naye huweza kuozwa.

Kwa watunzi na waongozaji, Katavi inaacha kazi ambayo Vuta N'Kuvute haikuifanya: kisa kinachoanzia kwenye ujauzito, kinachomtaja aliyeutia, na kinachompa baba nafasi ya kusema hoja yake mpaka mwisho. Kisa cha namna hiyo kitakuwa kigumu kukitunga kuliko cha Raza, maana ndani yake hapatakuwa na mtu ambaye mtazamaji anaweza kumhukumu kwa mbali.